Je, wajua kamera ya filamu hujuaje umeitia filamu gani?

Shika kikopo cha filamu ya milimita 35 ukitazame ubavuni. Utaona miraba 12 katika safu mbili, mingine ikimeta kama fedha, mingine myeusi. Si pambo hilo. Ni alama za DX, zilizoletwa na Kodak mwaka 1983, nazo ndizo huiwezesha kamera ya SLR (unayotazamia kupitia lenzi yenyewe) ya otofokasi (inayojilenga yenyewe) kupima mwanga sawasawa bila wewe kugusa kitufe.

Mraba unaometa ni bati tupu, hivyo hupitisha umeme. Mweusi umepakwa rangi, haupitishi. Chumba cha filamu kina vipini vyenye springi vinavyogusa miraba hiyo. Kilaze kikopo, kishina kinachochomoza kiwe kushoto, kisha hesabu safu ya juu kwenda kulia. Mraba wa 1 humeta siku zote kwa kuwa ndiyo njia ya umeme ya wote. Mitano inayofuata hutaja kasi ya filamu, yaani ISO, wepesi wake wa kuhisi mwanga. Kwa ISO 100 humeta wa 3 na wa 5. Kwa 200, wa 2, wa 3 na wa 5. Kwa 400, wa 4 na wa 5. Safu ya chini hueleza idadi ya picha na kiasi cha kosa la mwanga ambacho filamu huvumilia, ila kamera nyingi hazijishughulishi nayo.

Balaa huanza vipini vikishika uchafu au kutu. Tuseme filamu ni ya 400 na kipini cha 4 hakigusi: kinachobaki ni mraba wa 5 peke yake, na hiyo ni alama ya ISO 25. Kamera itaipa filamu mwanga mara 16 ya unaotakiwa, yaani stopu nne (kila stopu huongeza mwanga maradufu). Na ukichunguza mpangilio wenyewe, kipini kikikosekana kasi inayosomeka hushuka, haipandi, kwa hiyo kosa huwa ni mwanga kuzidi. Negativu ya rangi kama Kodak Portra 400 humeza stopu mbili za ziada, hata tatu, bila kelele. Slaidi, filamu ambayo yenyewe ndiyo picha ya mwisho, haina huruma hiyo. Fujifilm Velvia 50 ikikosa kipini cha 2 husomeka 25, stopu moja tu, na mawingu yote yanageuka weupe mtupu.

Dawa ni kijiti cha pamba kilicholowa spiriti kidogo: sugua vipini, acha vikauke, na usiguse pazia la shata, lile linalofunguka kuingiza mwanga. Kila ukitia filamu, soma ISO kwenye skrini ya kamera kabla ya picha ya kwanza.

Filamu iliyojazwa kwa mkono kwenye kikopo kisicho na alama ni suala jingine. Kuna kamera zitakazodhani ni 100, kuna zitakazoshika namba ya mwisho, na kuna zitakazowasha tu onyo. Weka ISO mwenyewe. Fanya hivyo pia ukitaka kupiga Ilford HP5 Plus, ambayo ni ya 400, kwa 1600 gizani. Mkanda mzima upigwe hivyo, na anayeusafisha aambiwe auache kwenye dawa muda mrefu zaidi. Kamera isiyoruhusu kubadili ISO, punguza mwanga kwa stopu mbili kwenye kitufe cha fidia (−2). Matokeo ni yale yale.

Lipo jambo ambalo miraba hii haiiambii kamera kabisa: filamu ni ya aina gani. Baadhi ya kamera za Canon EOS huhesabu matundu ya pembeni mwa filamu kwa mwale wa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Filamu za kawaida haziuoni mwale huo, lakini filamu ya infraredi huuona, na ukingo wake hutoka na ukungu. Kwa filamu hiyo, tumia kamera inayohesabu kwa gurudumu la meno.