Kidonda cha mguu hakiponi? Angalieni kama damu inafika

Swali: Baba ana kidonda kwenye kidole cha mguu, mwezi wa nne huu, tunakisafisha kila siku lakini wapi, majirani wanasema kakanyaga kitu.

Jibu: Poleni sana. Kabla hamjaanza safari za waganga shikeni miguu yote miwili mlinganishe, huo wenye kidonda una baridi kuliko mwenzake? Ngozi inang'aa, vinyweleo vimeisha? Na usiku je, maumivu yanamwamsha mpaka aning'inize mguu chini ndo apate nafuu? Kuna mzee nilikuwa namfunga kidonda, alikuwa analala kwenye kiti wiki na wiki, nyumbani wanajua ni uzee tu, kumbe mguu umekosa damu, akiushusha inateremka kidogo, akiupandisha kitandani haifiki.

Swali: Damu inazuiwa na nini?

Jibu: Mafuta yanaganda ndani ya ateri, ile mishipa inayotoa damu kwenye moyo, njia inakuwa nyembamba. Sigara ndo adui mkubwa, halafu sukari, presha, kolestro na umri. Wengi huanza na kigimbi kukaza wakitembea, wakisimama kinaachia, wanapuuza, halafu siku moja kiatu kinachubua kidogo tu na hapo hapaponi tena.

Swali: Jirani alipona kwa bandeji ya kubana, na sisi tumfunge?

Jibu: Hapana jamani, msifunge kabla hajapimwa! Huenda jirani alikuwa na shida ya vena, mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, kile kidonda kinakaa zaidi juu ya kifundo upande wa ndani, kinatoa maji na mguu unavimba. Cha ateri kinapenda vidole na kisigino, kikavu, kingo kama kimetobolewa, chini rangi ya kijivu au nyeusi. Ukikibana unaimaliza hata ile damu kidogo iliyobaki.

Ombeni apimwe presha ya kifundoni kwa mashine ya Dopla, ile inayosikiliza damu ikipita, wanaigawa kwa presha ya mkononi. Jibu likiwa chini ya 0.9 kuna kuziba, chini ya 0.5 hali ni mbaya. Kwa mwenye sukari mishipa inaweza kuwa migumu namba ikadanganya, kwa hiyo apigwe na ultrasaundi ya mishipa.

Swali: Matibabu je?

Jibu: Damu kwanza. Mshipa unazibuliwa kwa puto, au anafanyiwa upasuaji wa kuipitisha damu njia nyingine. Kuna vidonge pia, aspirini au klopidogreli za kuzuia damu isigande na statini ya kushusha kolestro, daktari ndo anapanga, na sigara aache kabisa. Sehemu nyeusi iliyokauka iacheni kavu msiiloweke. Msimwagie unga wa vidonge vya rangi mbili na msimkande na maji ya moto, mwenye sukari anaungua hasikii.

Mguu ukibadilika ghafla, ukapauka, ukawa wa baridi, ukafa ganzi au vidole vikagoma kucheza, msingoje asubuhi, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.