Nane nne si mzizi mbadala

Fundi simu mmoja, kijana mwerevu tu, aliniambia juzi kwamba yeye ameshaachana na mfumo wa wakubwa wa intaneti. Anatumia "DNS mbadala", yaani mfumo mwingine wa kutafutia majina ya tovuti. Nikamuuliza ipi. Akafungua mipangilio ya simu yake akanionyesha kwa fahari: 8.8.8.8. Sikucheka, kwa sababu nimeshayasikia maneno hayohayo kwa watu wenye shahada za kompyuta, tena wakiwa wameshika maikrofoni.

Maana ya mzizi mbadala haina urefu. Ukiandika jina la tovuti, simu yako inauliza seva fulani namba ya jina hilo. Seva hiyo isipokuwa na jibu, inaanzia juu kabisa, kwenye mzizi: .ke iko kwa nani? .com iko kwa nani? Ikielekezwa, inashuka ngazi moja baada ya nyingine mpaka ipate namba. Na mzizi wenyewe, licha ya jina lake zito, ni orodha: faili la megabaiti chache lenye viishio (hizo .ke na .com) zaidi ya 1,400 na anwani za seva zinazovitunza. Orodha hiyo inasimamiwa na ICANN, shirika lililoundwa Marekani mwaka 1998. Mzizi mbadala ni orodha nyingine ya juu, iliyoandikwa na watu wengine, ambayo kifaa chako kimekubali kuanzia hapo. Basi.

Sasa 8.8.8.8 ni seva ya Google, na mzizi inaouliza ni uleule wa ICANN. Kijana wangu amebadili tarishi. Mlango anaokwenda kubisha ni uleule. Huenda tarishi mpya ana mbio kuliko yule wa mtandao wake wa simu, huenda pia hafungiwi tovuti fulani, lakini mzizi haujaguswa.

Kosa la pili ni kuita kila kiishio kipya "mbadala". Nimesikia .africa ikiitwa hivyo, eti kwa sababu iligombaniwa. Iligombaniwa kweli: upande mmoja DotConnectAfrica, upande mwingine msimamizi aliyeungwa mkono na Kamisheni ya Umoja wa Afrika. Jopo huru lilitoa uamuzi mwaka 2015 kwamba ICANN ilikwenda kinyume na kanuni zake, kesi ikahamia mahakama za California, na kiishio kikaingizwa kwenye mzizi Februari 2017. Lakini ugomvi ule ulikuwa juu ya nani aandikwe kwenye orodha. Hakuna aliyesema orodha yenyewe itupwe.

Waliosema hivyo wapo, na ndio wenye haki ya neno hili. Mwaka 1995 kampuni ya Network Solutions, iliyokuwa inasajili majina chini ya mkataba na serikali ya Marekani, ilianza kutoza dola 50 kwa mwaka kwa kitu kilichokuwa bure. Wakatokea wenye mizizi yao. Aliyevuma zaidi ni Eugene Kashpureff wa AlterNIC: Julai 1997 alizilisha seva za watu majibu ya uongo, kisha waliokuwa wakienda kwenye InterNIC, tovuti ya usajili ya Network Solutions, wakajikuta kwake. Alikamatwa Canada mwaka huohuo na baadaye akakiri kosa.

Januari 1998 likaja jambo la kimyakimya zaidi. Jon Postel, mwanazuoni wa California aliyekuwa akitunza namba na majina ya intaneti tangu ikiwa changa, aliwaandikia wasimamizi wanane kati ya 12 wa seva za mzizi akiwaomba wachukue orodha kutoka kwenye mashine yake badala ya ile ya Network Solutions. Wakakubali. Orodha zilikuwa na maneno yaleyale, kwa hiyo mtumiaji wa kawaida hakuhisi lolote, lakini Washington walihisi, na Postel akaombwa arudishe mambo yalivyokuwa. Akarudisha. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba mamlaka yote ya majina yalisimama juu ya barua pepe moja na watu wanane kumwamini aliyeiandika.

Ndiyo maana nalipenda neno letu *kikoa*, tafsiri ya *domain*, kuliko wanavyolipenda waliolichagua, ambao nadhani walikuwa wanatafuta tu neno la kujazia kwenye programu. Neno la Kiingereza lilitoka Kifaransa, na nyuma yake kuna *dominium* ya Kilatini: umiliki, mali ya bwana. Ukilisikia hivyo, unaanza kumtafuta bwana. Kikoa cha kamusi zetu za zamani ni kitu kingine kabisa. Kula kikoa ni kula pamoja kwa zamu: leo chakula kinatoka kwa huyu, kesho kwa yule. Hakuna mwenye kikoa. Kuna wanaokuja kula, na wasipokuja, kikoa hakipo, hata kama sufuria limejaa.

ICANN yenyewe inalijua hili. Mwaka 2022 Ukraine iliiomba iiondoe .ru, ikakataa, ikasema kazi yake haina upande. Wengine waliona ni uungwana, wengine woga. Mimi naona pia hesabu: ukianza kumnyima mmoja sahani, wa pili na wa tatu wanaanza kupika kwao. Urusi ilikuwa imeshapitisha sheria mwaka 2019 ya kuwa na mfumo wake wa majina wa kitaifa.

Hata neno "mbadala" lina kasoro. Limetoka kwenye badala, kitu kushika nafasi ya kingine. Mzizi mbadala wa OpenNIC, ulioanzishwa mwaka 2000, una viishio vyake kama .geek na .libre, lakini unabeba pia vyote vya ICANN, na .com inafunguka kama kawaida. Hapo hakuna kilichoshika nafasi ya chochote. Ningesema mzizi wa nyongeza, ila nimechelewa miaka 20 na ushei.

Nyongeza nayo ina balaa lake. Kiishio cha .biz kilikuwa kinauzwa kwenye mizizi ya pembeni kabla ICANN haijaamua, mwishoni mwa 2000, kuwa na .biz yake. Jina moja likawa na nyumba mbili, na waliotangulia wakabaki kwenye nyumba isiyo na wageni. Wauzaji wa majina ya blockchain, yaani leja inayotunzwa na kompyuta nyingi bila msimamizi mmoja, wanaokuambia "hili ni lako milele", wameyaonja hayohayo: mwaka 2022 kampuni ya Unstoppable Domains iliacha kuuza .coin baada ya kukuta wenzao wa blockchain nyingine, Emercoin, wanayo tayari. Kwamba hakuna wa kukufutia jina kwenye leja, sawa, nakubali. Lakini vivinjari vingi havina habari na leja hiyo, na jina lisiloulizwa na mtu umelimilikije?

Fundi alinisikiliza huku akifungua kioo cha simu ya mteja. "Kwa hiyo niseme nini?" Nikamwambia aseme amebadili seva ya kuulizia, na siku akiweka za OpenNIC ndipo aje aniringie kuhusu mzizi. Akafikiri kidogo. "Lakini hii ina kasi, shikamoo yako, mzee wangu." Kwenye kasi sikuwa na ugomvi naye.