Kuimba sauti tupu bustanini: nyimbo zitasubiri, tafuteni ukuta

Kiangazi kikishaingia hapa Lubumbashi, wanafunzi wa vyuo huanza kuniletea swali lile lile: maestro, tunataka korali yetu iimbe bustanini, sauti tupu, bila kinanda, ngoma wala spika, tuchague nyimbo gani? Nawajibu kwamba nyimbo zitasubiri. Nionyesheni kwanza mtasimama wapi, na mtaanza saa ngapi.

Korali zetu nyingi zimezoea kanisa au ukumbi. Ndani ya jengo la matofali kama kathedrali yetu ya Watakatifu Petro na Paulo, sauti inagonga kuta, inarudi, inaungana na ya jirani. Palestrina, aliyetungia makanisa ya Roma katika karne ya 16, alijua hilo vizuri: mlio mmoja bado unaelea juu ya vichwa vya watu, mwingine unaingia. Bustanini hakuna kinachorudi. Nyasi zinameza, juu hakuna dari, na kila umbali ukizidi mara mbili sauti inapungua kwa desibeli 6 hivi, desibeli ikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti.

La kuudhi zaidi ni kwamba mwimbaji hasikii wenzake. Tenori, mwenye sauti ya juu ya kiume, anadhani amepotea, anapaza. Besi, mwenye sauti nzito, anamsikia tenori, naye anapaza. Kufika ubeti wa pili mnapigiana kelele. Kwa hiyo simameni nusu duara, bega kwa bega, ncha zote mbili zikitazamana, besi katikati nyuma. Na mgongoni pawe na ukuta: wa ofisi, wa ghala, hata wa choo, mradi ni mpana na mgumu. Mti, hata mjakaranda mkubwa namna gani, utawapa kivuli na picha nzuri, sauti hautawarudishia.

Sasa saa. Mchana ardhi inachemka, na hewa iliyo karibu nayo ina joto kuliko ya juu. Sauti huenda kasi zaidi katika hewa ya joto, takriban mita 0.6 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, hivyo mawimbi yake yanapinda kuelekea juu kwenye ubaridi. Mnawaimbia ndege, watu wa nyuma wanaona midomo tu. Jua likizama, karibu saa kumi na mbili, ardhi inapoa haraka na mambo yanageuka: sauti inapinda kurudi chini. Ndiyo maana usiku mtu anasikia mkesha wa mtaa wa mbali kana kwamba uko uani kwake. Anzeni saa kumi na moja na nusu. Lakini msikawie, kwa sababu usiku wa Juni na Julai hushuka chini ya nyuzi 10, na koo la baridi haliimbi. Upepo wa kiangazi kwetu hutoka zaidi kusini-mashariki: uacheni uwapige mgongoni, uende kwa wasikilizaji.

Noti ya kuanzia msiitafute kwenye simu, itazimwa na honi za pikipiki. Diapazoni, kile chuma chenye meno mawili kama uma, alichobuni mpiga tarumbeta Mwingereza John Shore mwaka 1711, haijapata mpinzani. Igonge gotini, shina lake liguse mfupa nyuma ya sikio: noti iitwayo “la” (A), ya herzi 440, inaingia kichwani hata barabara ikinguruma. Kutoka hapo mwongozaji anaguna noti ya kila sauti, taratibu, kuanzia besi. Wimbo ukiisha, gonga tena usikie mmeshuka kiasi gani. Nusu toni hainisumbui, mkishuka wote pamoja. Anayenisumbua ni soprano, sauti ya juu ya kike, anayeng'ang'ania pale juu peke yake.

Haya, nyimbo. Zile za polepole, zenye mlio mrefu, ziachieni kanisa. Chukueni za kuitikizana, zenye maneno mafupi na mdundo unaojitegemea. S, t na f ndizo zinazopotea kwanza kwenye hewa wazi, kwa hiyo zitamkeni hadi muone aibu. Aliye nyuma atazisikia za kawaida. Nyimbo 8 zinatosha. Ya tisa itakuta watu wameshasimama kutafuta taksi-basi ya kurudi mitaa yetu ya Katuba na Kenya.