Saa 11 ya Nani? Programu za Kusimamia Mahitaji na Wahandisi wa Malindi

Asubuhi moja ya kaskazi, mama karanga mmoja, yaani mmoja wa wanawake wanaonunua samaki kwa wavuvi na kuwauza, aliingia kwenye chumba baridi ambacho wanafunzi wetu walikuwa wamekijenga pamoja na fundi wa friji, kwa ajili ya kikundi cha wavuvi kaskazini mwa Malindi. Akachukua samaki aina ya tasi, akambonyeza kwa kidole gumba. Shimo likabaki pale pale. Nyama ya samaki aliye mbichi huinuka mara tu kidole kinapoondoka; hii haikuinuka. Kipimajoto cha ukutani kilisoma nyuzijoto 9. Usiku uliotangulia, mlango ukiwa umefungwa, kilikuwa kinasoma 2.

Hakukuwa na kitu kilichoharibika. Kompresa ilikuwa nzima, paneli za sola safi, betri zimejaa. Siku mbili tulitafuta ugonjwa kwenye mitambo, mwishowe tukaukuta kwenye karatasi, katika sentensi moja: "Mfumo usiyeyushe barafu ya koili saa 11 hadi saa 2."

Kwa asiyejua mambo ya friji, koili, yaani mabomba yanayopoza hewa ya chumba, hushika barafu taratibu, na kidhibiti hulazimika kusimamisha baridi kwa dakika kadhaa ili barafu hiyo iyeyuke. Mama karanga walikuwa wametueleza tangu mwanzo, bila kumung'unya maneno: wakati wa kununua msiguse mitambo, kwani kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa mbili mlango hautulii. Mwanafunzi aliyenukuu akaandika saa 11 hadi saa 2. Faili likapita mikono mitatu. Kijana aliyepanga kidhibiti, hodari kabisa wa kazi yake, alikuwa mbele ya skrini ya Kiingereza yenye saa za tarakimu 24. Akaweka 11:00 hadi 14:00. Mfumo ukajizuia kuyeyusha barafu mchana, wakati hakuna mtu, kisha ukaiyeyusha saa kumi na moja na nusu alfajiri, mlango ukifunguliwa na kufungwa bila kupumzika.

Nakileta kisa hiki kwa sababu idara yetu huulizwa mara kwa mara, na wakandarasi, na mafundi wa maji, na vijana wanaofungua kampuni ndogo za sola: je, tununue programu ya kusimamia mahitaji, yaani programu ya kompyuta ya kuandika na kufuatilia kila kinachotakiwa kwenye mradi? Muuzaji huwa ameshawaambia kwamba makosa ya aina hii yatakoma. Nami nawajibu hivi. Kwa upande mmoja programu ile ingetuokoa. Kwa upande mwingine ingeihifadhi "saa 11" yetu vizuri sana, ikiwa na namba, tarehe na saini ya aliyeiidhinisha.

Uzi kutoka kwa mwenye shida hadi kwenye jaribio

Hitaji, katika lugha ya uhandisi, ni sentensi moja inayosema kitu kifanye nini, au kiwe na sifa gani, kwa namna inayoweza kupimwa. Mradi mdogo huwa na mahitaji kadhaa. Ndege huwa na maelfu. Programu za kuyasimamia zimekuwepo kwa miongo kadhaa. DOORS, inayojulikana zaidi miongoni mwa kongwe, ilienea miaka ya 1990 na tangu 2008 imo mikononi mwa IBM. Nyingine zinazotajwa sana ni Jama Connect, Polarion ya Siemens, na Codebeamer.

Watu hudhani kazi yake ni kuhifadhi orodha. Kama ingekuwa hiyo tu, lahajedwali, kama lile la Excel, lingetosha. Thamani yake iko kwenye kuunganisha. Kila hitaji hupewa namba isiyobadilika, kisha hufungwa uzi: nyuma, kwa aliyelisema na sababu yake, mbele, kwa mchoro au kifaa kinacholitimiza, na kwa jaribio litakalothibitisha kwamba limetimia. Ukisimama mbele ya kihisi joto ukauliza, "Hiki kipo hapa kwa nini?" unafuata uzi kurudi nyuma. Ukitaka kubadilisha kitu, unaufuata kwenda mbele uone nani ataguswa.

Chukua chumba chetu baridi. Tuseme kikundi kinaamua kuhifadhi tani mbili badala ya moja. Namba moja imebadilika. Lakini nyuma ya namba hiyo wako kompresa, unene wa kuta, idadi ya betri, ukubwa wa paneli, hata uzito ambao sakafu italazimika kubeba. Programu nzuri huvitia alama vyote vilivyounganishwa na hitaji hilo, na alama haiondoki mpaka mtu mwenye jina avitazame na kusema viko sawa. Kwenye lahajedwali kazi hiyo hufanywa na kumbukumbu ya mtu, na mtu huyo huenda wiki hiyo yuko Mombasa kwenye mafunzo ya kazi.

Kuna na suala la matoleo. Mnapokubaliana na mteja, programu hufunga toleo la siku ile, na kila badiliko la baadaye huonekana: nani, lini, kwa nini. Wahandisi wangapi hapa pwani wamewahi kubishana na mteja wakiwa na mafaili matatu yote yanayoitwa "mwisho"? Sisi tulikuwa nayo manne. Wala si ubishi wa maneno tu. Kuna mafundi waliokosa malipo yao kwa sababu hawakuweza kuonyesha ni nini hasa kilichokubaliwa.

Kwa kazi zinazogusa maisha ya watu moja kwa moja, uzi huu hauna hiari. Kanuni za DO-178C kwa programu za ndege, ISO 26262 kwa magari na IEC 62304 kwa programu za vifaa vya hospitali zinataka uonyeshe njia kutoka kwenye hitaji hadi kwenye jaribio. Anayefanya kazi hizo bila programu anajitafutia mateso.

Vyombo viwili vya anga, makosa mawili yasiyofanana

Malindi tuna sababu ya kuyajua mambo haya kuliko miji mingi. Kule Ngomeni, kwenye jukwaa la San Marco lililosimama baharini, Waitaliano na Wamarekani walirusha satelaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu yetu ya Jamhuri, ndipo ikapata jina hilo. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani. Na kituo cha ardhini kule Ngomeni kimewahi kufuatilia roketi za Ariane za Ulaya zikipaa kutoka Kourou, kituo cha kurushia roketi kule Guyana ya Ufaransa.

Sasa, tarehe 4 Juni 1996, Ariane 5 ya kwanza ilipaa Kourou, na baada ya sekunde 40 hivi ikapinda, ikavunjika na kulipuka. Kifaa cha kupima mwendo na mwelekeo wake kilikuwa kimechukuliwa kutoka Ariane 4. Ndani yake mlikuwa na kazi moja ya kujisawazisha iliyoendelea kwa muda hata roketi ikiwa imeshaondoka, kwa sababu Ariane 4 ilikuwa na hitaji hilo. Ariane 5 haikulihitaji. Ila Ariane 5 ilikuwa na mwendo mkubwa zaidi wa kwenda upande, hivyo namba ikakua kuliko nafasi iliyowekewa, kifaa kikazimika; cha akiba, kilichokuwa na programu ile ile, kilikuwa kimeshazimika kwa sababu ile ile. Tume ya uchunguzi ilieleza pia kwamba njia ya kupaa ya Ariane 5 haikuwekwa kwenye mahitaji ya kifaa hicho.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 23 Septemba 1999, chombo cha Marekani cha Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika Mirihi. Programu moja ya ardhini ilitoa nguvu za msukumo kwa vipimo vya Kiingereza vya ratili, na iliyopokea ikazisoma kama nyutoni, kipimo cha nguvu cha kimataifa. Tofauti yake ni zaidi ya mara nne. Maelekezo yaliyoandikwa yalitaka nyutoni. Kila kitu kilikuwa kwenye karatasi.

Nawaomba wanafunzi wangu waviweke vyombo hivi viwili pembeni kwa pembeni. Kwa kile cha Mirihi, hitaji lilikuwa sahihi, ila uzi wa kulithibitisha ulikatika. Hapo programu ya kusimamia mahitaji ina msaada wa kweli, maana hitaji lisilo na jaribio hujitokeza jekundu kwenye ripoti na mtu hulazimika kueleza. Kwa Ariane, hitaji lilikuwa la chombo kingine, likahama bila kuulizwa kama bado lina maana. Hapo programu inaweza hata kuzidisha hatari. Kunakili mahitaji mia tatu ya mradi wa zamani ni kazi ya kubonyeza mara mbili, na yakishatua kwenye mradi mpya yanaonekana rasmi, yamepangika, yana namba. Nani ataanza kuyahoji?

"Saa 11" yetu iko karibu zaidi na Ariane. Ilikuwa na jaribio, na jaribio lilifaulu: tulihakikisha kwamba kidhibiti hakiyeyushi barafu kati ya 11:00 na 14:00. Ndiyo maana nasema programu isingetosha. Kingine kingesaidia, nacho ni uzi wa nyuma. Kama hitaji lile lingekuwa limefungwa kwenye sauti ya yule mama tuliyoirekodi kwa simu, aliyepanga kidhibiti angeweza kubonyeza, akasikia "alfajiri", na kisa kingeishia hapo.

Gharama ambayo muuzaji haitaji

Leseni za programu kubwa hulipiwa kwa kila mtumiaji, kwa dola, na hurudiwa kila mwaka. Timu ya watu watano hujikuta ikinunua leseni mbili, wengine wakiagiza taarifa kwa WhatsApp. Hapo mmeshaharibu: kuna mahitaji ya kwenye programu na mahitaji ya kwenye simu, na ya kwenye simu ndiyo mapya. Programu inayotumiwa na nusu ya timu ni mbaya kuliko lahajedwali linalotumiwa na wote.

Nyingi sasa hukaa kwenye wingu. Mtandao ukikatika, nanyi mko kwenye gati na mteja, hamna kitu cha kufungua. Zaidi ya hapo, programu hizi hutaka mtu wa kuzitunza: kupanga sehemu za kujaza, ruhusa, ripoti, na kufundisha wageni. Kwenye timu ndogo mtu huyo ni mhandisi ambaye angekuwa anasanifu.

Na viungo vyenyewe huzeeka. Badiliko moja dogo linaweza kuamsha alama za tahadhari mia. Mara ya tatu watu huzizima zote bila kuzisoma. Nimeliona jambo hili kwenye mradi mmoja mkubwa niliofanya nikiwa kijana. Ripoti ilionyesha kila hitaji limeunganishwa, na kwa kweli lilikuwa limeunganishwa, na chochote tu, ili ripoti ipendeze.

Kabla ya kulipa, uliza pia namna ya kutoka. Upo muundo wa wazi wa kubadilishana mahitaji uitwao ReqIF. Programu isiyoweza kutoa data yako kwa muundo huo, viungo vikiwemo, itakufunga nayo.

Ushauri wangu kwa timu nyingi za hapa ni kuanza na lahajedwali moja lenye safu sita: namba, hitaji, aliyelisema, sababu, namna ya kulipima, na tarehe ya kubadilishwa. Wanaojua kutumia Git, programu ya kutunza matoleo ya mafaili, wajaribu Doorstop au StrictDoc, ambazo ni bure na huweka mahitaji kama mafaili ya kawaida ya maandishi, hivyo yanafanya kazi hata mtandao ukiwa haupo. Programu kubwa ifikiriwe pale watu wanapokuwa wengi kiasi cha kutojuana, au mteja anapodai ukaguzi, au badiliko moja linapochukua siku nzima kufuatiliwa.

Lugha nayo ina mitego yake. Kwa Kiswahili, "mfumo utazima pampu" ni amri au ni utabiri? Msomaji hawezi kujua. Andika "lazima uzime" kwa sharti, na "inafaa" kwa pendekezo, wala usibadilishe katikati ya waraka. Mwaka 2009 wahandisi wa Rolls-Royce walitoa mtindo mwepesi uitwao EARS, unaotaka hali itajwe kwanza, kisha mfumo, kisha tendo. Kwa Kiswahili unakaa vizuri kabisa: mlango ukikaa wazi zaidi ya sekunde 60, kidhibiti lazima kipige king'ora. Na saa ziandikwe kwa tarakimu 24 pamoja na neno la wakati, kila mara, hata kama wote kwenye timu ni wa hapa hapa.

Hitaji letu sasa linasomeka hivi: "MB-014. Kati ya 05:00 na 08:00, yaani saa kumi na moja alfajiri hadi saa mbili asubuhi, kidhibiti lazima kisianze kuyeyusha barafu ya koili. Chanzo: wanunuzi wa samaki, sauti namba 3. Jaribio: siku tatu za soko, mlango ukitumika kama kawaida." Siku ya kwanza ya jaribio tulifika gizani, tukamkuta yule mama ameshatangulia, amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, simu mkononi, akisubiri kuona kipimajoto kitasema nini.