Maswali na Majibu: Ukifikiria Tiba ya Homoni ya Kuoanisha Mwili na Jinsia

Tiba hii ni nini hasa?

Ni matumizi ya estrojeni (homoni inayoupa mwili sura ya kike), mara nyingi pamoja na dawa ya kuzuia testosteroni (homoni inayoupa mwili sura ya kiume), au matumizi ya testosteroni, ili mwili uoane zaidi na jinsia ambayo mtu anajitambua nayo, pale inapotofautiana na ile aliyoandikiwa alipozaliwa. Katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022, hali hiyo haihesabiwi tena kuwa ugonjwa wa akili. Majibu haya yanawahusu watu wazima.

Nitayatambuaje maelezo ya kuaminika?

Tazama kwanza ni nani aliyeyaandika na lini. Madaktari wengi hutegemea mwongozo wa mwaka 2017 wa Endocrine Society, ambayo ni jumuiya ya wataalamu wa homoni yenye makao Marekani, na toleo la 8 la viwango vya huduma vya WPATH, chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya watu waliobadili jinsia, lililotoka mwaka 2022. Yote miwili husomwa bure mtandaoni. Mimi huupa uzito mwongozo wa kwanza kwa sababu moja: karibu kila pendekezo limeandikiwa iwapo ushahidi wake ni imara au ni dhaifu, na baadhi yake ni dhaifu kweli. Anayekuahidi matokeo bila kutaja madhara, na anayekutisha bila kutaja faida, wote wawili hawakusaidii kuamua.

Rafiki yangu amenitajia dozi yake. Je, naweza kuifuata?

Usiifuate, hata kama yeye imemfaa, kwa sababu hujui damu yake ilipimwa nini kabla ya kupewa dozi hiyo. Hatari inayonisumbua zaidi ni ya vidonge vya kupanga uzazi vinavyonunuliwa dukani na kumezwa kwa wingi ili kupata estrojeni: vingi vina ethinilestradioli, ambayo huongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya miguu au mapafu, hasa kwa mvutaji wa sigara, na ndiyo maana miongozo haiipendekezi kwa tiba hii. Estrojeni ya kubandika kwenye ngozi ina hatari ndogo zaidi ya kugandisha damu kuliko ya kumeza. Spironolaktoni, inayotumika kuzuia testosteroni, inaweza kupandisha potasiamu mwilini, nayo testosteroni inaweza kuifanya damu iwe nzito kupita kiasi. Kwa hiyo vipimo hufanywa kabla ya kuanza, kisha takriban kila miezi mitatu katika mwaka wa kwanza, na baadaye mara moja au mbili kwa mwaka.

Ni mabadiliko gani hayarudi nyuma?

Sauti iliyonenepeshwa na testosteroni hubaki hivyo hata dawa ikiachwa, na matiti yaliyokua kwa estrojeni hayatoweki yenyewe. Estrojeni, kwa upande wake, haiipandishi sauti iliyokwisha kuvunjika. Uwezo wa kuzaa unaweza kupungua, pengine kwa kudumu, hivyo zungumzeni kuhusu kuhifadhi mbegu au mayai kabla ya dozi ya kwanza. Hata hivyo testosteroni si njia ya kuzuia mimba, hata hedhi ikikoma, na inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Na kama hakuna kliniki ya namna hii karibu nami?

Tafuta daktari bingwa wa homoni, au daktari wa kawaida aliye tayari kusoma miongozo hiyo, kisha muulize mapema taarifa zako zitaandikwa wapi na nani ataziona. Mweleze dawa zote unazotumia, zikiwemo za kufubaza virusi vya UKIMWI, kwa kuwa baadhi yake hubadilisha kiwango cha estrojeni mwilini. Kama umekwisha kuanza homoni mwenyewe, taja jina la dawa, kiasi na muda bila kuficha, kwani daktari hawezi kusoma vipimo vyako vizuri asipojua umemeza nini. Ukipata uvimbe na maumivu ya mguu mmoja, maumivu ya kifua au kupumua kwa shida, nenda hospitali siku hiyohiyo na useme unatumia homoni.