Stori rahisi au stori ngumu? Mambo tunayoyakosea kuhusu muvi

Eti muvi yenye stori rahisi imeandikwa na mvivu. Hii naisikia sana hapa Kampala, hasa kwa vijana wanaoanza kuandika skripti, na inaniuma kwa sababu inaua stori nzuri kabla hata hazijashutiwa. Chukua Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica, Italia, 1948. Jamaa hana kazi, anapata ya kubandika mabango, masharti awe na baiskeli, siku ya kwanza tu inaibwa, basi yeye na mtoto wake wanazunguka Roma kuitafuta. Basi. Mwendesha boda yeyote wa Ntinda ukimsimulia hiyo haulizi swali hata moja, anajua chombo cha kazi kikiibwa nyumbani kunakuwaje. Lakini fika mwisho uone, baba yule yule aliyeibiwa anajaribu kuiba baiskeli ya mwingine na mtoto anamwona, sasa utamhukumu vipi? Kuandika hivyo ni kazi kweli kweli, huna pa kujificha, sini (yaani tukio moja la muvi) moja ikilegea kila mtu anaiona.

Halafu kuna hii ya kwamba watu wa kibanda, zile kumbi ndogo za kuonyesha muvi mtaani, wanataka ngumi na risasi tu, stori ikipinda wanapotea. Si kweli jamani! Nenda kibanda chochote usikie VJ, yule anayetafsiri na kusimulia muvi, anavyopiga Luganda juu yake, anakukumbusha huyu ndiye yule aliyemsaliti kaka yake, yule ana pacha, na watu wanafuata muvi za Kihindi zenye familia mbili tatu na visasi vya miaka ishirini bila shida yoyote. Mimi naona tunawadharau watazamaji wetu. Mtu akiinuka katikati, mara nyingi ni kwamba hajui mhusika anataka nini, na hilo linaweza kutokea hata kwenye stori iliyonyooka kabisa. The Girl in the Yellow Jumper ya Loukman Ali inaruka mbele na nyuma, na ni muvi ya Uganda iliyofika Netflix mwaka 2021.

Nyingine: eti changanya mpangilio wa matukio, muvi itaonekana ina akili. Hapa ndipo wengi wanaumia. Memento ya Christopher Nolan, 2000, sini za rangi zinarudi nyuma na zile za nyeusi na nyeupe zinaenda mbele mpaka zinakutana, lakini kuna sababu, mhusika hawezi kutunza kumbukumbu mpya, kwa hiyo na wewe unaingia kila sini hujui nini kimetangulia, kama yeye. Kama mhusika wako kumbukumbu zake ni nzima na hakuna siri anayoificha, kwa nini unakatakata?

Na pesa je? Wanasema stori ngumu ni ya wenye bajeti. Rashomon ya Akira Kurosawa, 1950, kifo kimoja kinasimuliwa mara nne na kila mmoja ana yake, sehemu za kushuti ni lango bovu, msitu na ua wa mahakama. Gharama ya kweli iko kwenye kontinuiti, yaani kila kitu kifanane sini kwa sini, maana ukishuti wikendi kwa wikendi halafu uruke ruke nyakati, nywele, nguo na jua vitakuumbua, kwa hiyo tafuta mtu mmoja ambaye kazi yake ni kupiga picha za simu kila sini ikiisha, na umlipe.