Mtoto hana kisogo? Usikimbilie kumkanda kichwa wala mto wa tundu

Mwanangu wa pili akiwa na miezi mitatu bibi yake alimpapasa kichwa akaniambia huyu mtoto hana kisogo, we unamlaza tu. Iliniuma jamani. Na kweli nyuma kulia palikuwa bapa kabisa alafu sikio la upande huo limesogea mbele kidogo. Toka siku hiyo kila anayeingia ndani ana ushauri wake, na mwingi ni wa hatari.

"Ni uvivu wa mama." Si kweli. Fuvu la kichanga ni laini, mifupa yake haijaungana ili ubongo upate nafasi ya kukua, kwaiyo akilalia sehemu moja muda mrefu panabonyea. Huko Calgary, Kanada, mwaka 2013 ilitoka ripoti ya watoto 440 wa wiki 7 hadi 12 waliopimwa, na karibu nusu yao walikuwa na ubapa wa kiasi fulani. Nusu! Hao wote mama zao wavivu?

"Basi usiku mlaze kifudifudi." Hapana hapana, hili naomba mnisikie. Kulala kifudifudi kunaongeza hatari ya kichanga kufa ghafla usingizini. Marekani walianza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1994 na vifo vya namna hiyo vikapungua zaidi ya nusu, ni kweli vichwa bapa viliongezeka lakini kichwa bapa hakiui. Usingizini ni chali, mchana na usiku. Kifudifudi ni akiwa macho na we upo hapo unamwangalia, unaanza dakika chache mara kadhaa kwa siku ukiongeza taratibu, Shirika la Afya Duniani linasema angalau nusu saa kwa siku nzima. Wangu alikuwa analia mkekani, nikawa nalala chali mwenyewe namweka kifuani ananiangalia usoni, hiyo nayo inahesabika.

"Mkande kichwa kwa maji ya moto, mvalishe kofia ya kubana, mnunulie mto wenye tundu." Kukandamiza fuvu hakulirudishi, unamuumiza tu mtoto. Na mto kwenye kitanda cha kichanga, hata uwe umeandikwa wa kutengeneza kichwa, unaweza kumziba pumzi. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya wazazi wasiitumie hiyo mito.

Wengine wanakutisha eti ubongo unabanwa mtoto atakuwa mzito darasani. Ubapa wa kulala haubani ubongo, umbo tu ndo linabadilika.

Alafu kuna wa "acha tu, kitajirudi chenyewe". Hapa kuna ukweli nusu, wengi wanapata nafuu wakianza kukaa na kujigeuza, ila angalia shingo kwanza. Wangu alikuwa hageuki kushoto, hata ziwa la upande mmoja analigombania, kumbe msuli wa shingo umekaza. Mtu wa fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya mazoezi ya viungo, alinifundisha mazoezi ya kumnyoosha taratibu, nikawa namgeuza kitandani, kichwa kinakaa upande ilipokuwa miguu, ili dirisha liwe upande asioupenda, nabadilisha mkono wa kunyonyesha, na muda mwingi nambeba badala ya kumwacha amelala. Mbeleko ya bibi zetu ilisaidia sana hapa, maana kisogo hakigusi kitu.

Na helmeti, ile kofia ngumu ya kurekebisha umbo la kichwa? Ni ghali, na utafiti wa Uholanzi wa 2014 kwa watoto 84 wenye ubapa wa wastani hadi mkubwa uliona waliovaa na wasiovaa walifika karibu palepale walipotimiza miaka miwili.

Kitu kimoja tu usikisubirie nyumbani: kichwa kilichopinda tangu kuzaliwa au kinachozidi kupinda, tuta gumu kama mstari juu ya fuvu, utosi uliofunga mapema. Hapo inawezekana mifupa imeungana kabla ya wakati, si kawaida lakini ipo na mara nyingi inahitaji upasuaji, kwaiyo ukienda kliniki mwombe nesi apime mzunguko wa kichwa na akishike kabisa kwa mikono, asiangalie kadi tu.